Jamii Yenye Uhitaji Ni Mama Yangu

Ankara ya ada ya muhula huu imekuja na mstari mpya. Juu kabisa ipo ada yenyewe, ambayo peke yake inatosha kuniumiza. Chini yake basi, chakula cha mchana, bima, maktaba, na kitu kinaitwa teknolojia ambacho hakuna aliyewahi kunieleza ni nini ila hakikosi muhula hata mmoja. Halafu mwishoni, kabla ya jumla, wameandika: Huduma kwa Jamii. Pembeni yake pana tarakimu ambayo ningeikamata mimi mkononi, Nyasho nzima, mtaani kwetu, ingekunywa chai na chapati mpaka Krismasi.

Mimi ni muuza spea za pikipiki. Mteja akija kununua cheni namuuzia cheni. Sijawahi kumwandikia kwenye risiti cheni, mafuta ya cheni, maendeleo ya cheni na ushiriki wa cheni katika jamii. Angeniachia cheni yangu akaenda duka la pili. Lakini kwenye mambo ya shule duka la pili hakuna, maana mama watoto alikwishaamua, na nyumbani kwetu uamuzi ukishapita kwa mama watoto, mimi naitwa kikaoni kwa ajili ya kulipa posho za wajumbe.

Jina la shule silitaji. Ni hapahapa Musoma, ina geti la rangi mbili na bango lenye picha ya dunia, na bado nadaiwa kidogo cha muhula uliopita. Mwenye deni hachagui maneno, anayameza.

Shule za namna hii si ngeni nchini, nisije nikaonekana mshamba. Mwanza ipo Isamilo tangu 1956, enzi ambazo shule ziligawanywa kwa rangi: Wazungu na zao, Wahindi na zao, sisi na zetu chini ya mwembe. Dar es Salaam wakapata Shule ya Kimataifa ya Tanganyika mwaka 1963, kwa sababu nchi changa ilikuwa imeanza kupokea mabalozi, na balozi huja na watoto. Moshi wakafungua yao 1969, wakati hospitali ya KCMC ikijengwa, maana madaktari wa kutoka nje waliuliza mishahara na wakauliza pia watoto watasoma wapi. Hizo zote zina sababu zake. Ya kwetu nikiuliza sababu naonyeshwa bango.

Bango linasema tuna wanafunzi wa mataifa mbalimbali. Siku ya wazazi nilikaa nyuma nikawapitia mmoja mmoja. Wapo watoto wa mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuja na mradi. Ipo familia ya Kihindi ambayo babu yao alizaliwa papa hapa mjini na Kijita anakiongea kunishinda. Wapo Wakenya, ambao bibi yao mzaa mama yuko Tarime, upande wetu wa mpaka wa Sirari. Walimu wachache wanatoka Uganda. Tuliobaki ni sisi wenyewe: Wajita, Wakurya, Wazanaki, Waikizu, Wakwaya, Wajaluo wa Rorya. Sisi ukituweka kwenye kikao kimoja cha mahari kila mtu na lugha ya kwao, hatutoki hapo na jibu. Kwa hiyo mataifa yapo, siwezi kusema shule imedanganya.

Kijana wangu yuko Mwaka wa Nane, ambao kwa hesabu ya majirani ni darasa la saba. Kanuni ya kwanza aliyofundishwa ni kwamba ukishavuka lile geti, Kiswahili unakiacha kwa mlinzi. Anayekamatwa anakiongea anavishwa kibao shingoni, na hakivui mpaka amkamate mwenzake. Katika masomo yote, hili ndilo alilofanya vizuri zaidi. Akivishwa kibao asubuhi, kabla ya mapumziko kimeshahama. Nilimuuliza mbinu yake akanieleza bila aibu: anamkanyaga mwenzake kidole cha mguu. Mtu akikanyagwa ghafla haguti kwa Kiingereza.

Upande wa pili wa mji huuhuu, kule Makoko, mapadre wa Maryknoll walianzisha shule ya lugha miaka ya 1960, na kizazi baada ya kizazi wageni kutoka Marekani na Ulaya wamekuja kukaa darasani pale, wanatoka jasho na ngeli, wanalipa ili waingiziwe Kiswahili. Na mimi huku nalipa ili mwanangu atolewe. Mji mmoja, ziwa moja. Mtu mwenye akili ya biashara angetukutanisha tubadilishane wanafunzi, kila mmoja abaki na hela yake.

Kuhusu kuogelea sitasema mengi. Shule iko karibu na ziwa kiasi kwamba upepo wa alasiri unapeperusha madaftari, lakini somo la kuogelea linafuatwa kwa basi kwenye bwawa la hoteli. Kichocho kipo, mamba wapo, hapo wako sahihi. Kinachoniudhi ni cheti. Mtoto akiweza kuelea anapewa cheti, na cheti kinalipiwa. Watoto wa mwaloni Mwigobero wanaelea kuanzia alfajiri kwenye kamba za mitumbwi ya dagaa na hakuna aliyewapigia muhuri.

Siku ya Mataifa ndiyo iliyonipa presha. Inapigwa kura, kila familia inachukua nchi, inapika chakula cha nchi hiyo na kuvaa mavazi yake. Sisi tukaangukiwa na Norwei. Mama watoto akaniuliza, "Baba, Norwei wanakula nini?" Nikamwambia samaki. Akasema, "Basi, hiyo ni Mwigobero." Akaenda alfajiri, akarudi na sato watatu bado wanapiga mikia, akawakaanga, akawachomekea kibendera cha karatasi, nami nikavalishwa sweta la majira ya baridi ya mtu mwingine kutoka mitumbani, saa saba mchana.

Meza ya Tanzania ilikwenda kwa familia ya mhandisi. Walikuwa na ugali wa mtama, dagaa, vigoda, bao lenye kete zake na khanga mbili zilizotundikwa vizuri kuliko duka la khanga. Mke wa mhandisi alipofika mezani kwetu akainama kidogo akaniambia, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba, Mnorwei mzima. Wao walishika nafasi ya kwanza. Sisi tulishika ya mwisho, jaji akaandika kwamba chakula chetu hakikuwa na uhalisi. Sato yule alikuwa hai saa kumi na mbili asubuhi. Sijui jaji alitaka uhalisi gani zaidi ya huo.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa ankara.

Ipo diploma ya kimataifa iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968, inayosomwa na wakubwa wa kidato cha tano na sita wa shule za hadhi hiyo. Pamoja na mitihani, inamtaka mwanafunzi aonyeshe ubunifu, afanye mazoezi ya mwili, na aitumikie jamii. Shule yetu haijafika huko, inafuata mitaala ya Cambridge na kuomba Mungu. Lakini kile kipengele cha kuitumikia jamii kiliwavutia, wakakichukua peke yake, wakakishusha mpaka kwa watoto wa miaka 12. Mratibu ni dada mmoja mchangamfu aliyesomea mambo hayo nje. Alituita wazazi akatuambia watoto wetu wanaishi ndani ya kiputo na sasa watatoka wakutane na jamii. Mtoto wangu anaishi Nyasho. Usiku jirani akipiga mswaki tunamsikia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipata jamii yenye uhitaji, na mjadala ukahamia kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, mahali ambapo hakuna mjadala uliowahi kufa kifo cha kawaida. Mmoja akapendekeza Bunda, chini ya mlima Balili. Mzazi wa Bunda, ambaye mtoto wake analala bweni, akajibu kwa ujumbe wa sauti mrefu kwamba Bunda ni mji, ina lami na mabenki, na kama Musoma wanatafuta wahitaji wajitazame kwanza. Mwingine akasema Kinesi, ng'ambo ya ghuba. Ikaonekana kuna kuvuka maji, na bima haitaki maji. Wakataja sehemu nyingine mbili tatu, kila moja ina mzazi wake aliyekasirika. Hatimaye mhasibu wa shule, mtu wa hesabu, akaandika kwamba Mwaka wa Nane wana ziara ya Makumbusho ya Mwalimu Nyerere kule Butiama, basi limeshalipiwa, kwa nini jamii isipatikane palepale ili kuokoa dizeli?

Mratibu akauliza darasani nani ana mwenyeji Butiama. Kijana wangu, ambaye akiulizwa nani kavunja kikombe hanyanyui hata kope, akanyoosha mkono.

Ndivyo jamii yenye uhitaji ilivyopatikana. Ni mama yangu.

Hebu tulia hapo kidogo. Nimelipa ada. Nimelipa na ule mstari. Yote hayo ili mwanangu aende kwa mama yangu mzazi akamtekee maji, safari ambayo siku nyingine zote ni nauli ya Hiace mpaka Makutano na bodaboda ya kumalizia, tena bodaboda wenyewe ni wateja wangu. Nilijiona mtu anayeuziwa maji ya ziwa akiwa ndani ya mtumbwi. Nikapeleka hoja hiyo kwa mama watoto. Akasema, "Mwaka jana ulimwambia aende kwa bibi yake akakataa. Mwaka huu anakwenda mwenyewe na wenzake. Lipa." Na juu ya hapo nikateuliwa mzazi wa kujitolea wa kuongozana na msafara, na mzazi wa kujitolea analipia chakula chake.

Tulianzia makumbusho. Mtoa maelezo alikuwa kijana mwerevu, hakuwa na haraka. Akawaambia Mwalimu alizaliwa pale tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Burito, akachunga mbuzi mpaka umri wa miaka 12, na mwaka 1934 akapelekwa Musoma kuanza darasa la kwanza Mwisenge, na masimulizi yanasema alikwenda kwa miguu, maili 26. Mtoto mmoja akanyanyua mkono akauliza basi lilikuwa limeharibika? Mtoa maelezo akajibu kwa upole kwamba basi lilikuwa halijazaliwa. Shule ya Mwisenge ipo mpaka leo, lakini ukiwa ndani ya kiyoyozi na simu mkononi hata Mwalimu mwenyewe akisimama barabarani huwezi kumwona.

Kilichomshtua kijana wangu ni Shakespeare. Mwaka huu wanamsoma, na nyumbani tumeteseka naye. Kusikia kwamba Mwalimu, aliyelala palepale Butiama, alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, kitabu kikatoka 1963 naye ni Rais, kisha mwaka 1969 akatoa na Mabepari wa Venisi, kulimnyamazisha kuanzia pale mpaka tulipopanda basi. Halafu akaninong'oneza, "Baba, kwa hiyo pale shuleni angevishwa kibao?"

Nikamwambia angevishwa viwili.

Mama alikuwa mlangoni amejifunga kitenge cha sherehe. Alikwishamwambia balozi wa nyumba kumi kwamba anapokea ujumbe wa kimataifa, balozi akamwambia mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti akaja na koti la suti na kitabu cha wageni. Watoto wakashuka na kofia pana, chupa za maji zilizoandikwa majina, na dawa ya jua. Wengine wamepakwa mpaka pua zimekuwa nyeupe. Mama akanivuta pembeni. "Baba, hawa watoto wanaumwa nini?" Nikamwambia ile ni dawa ya kuzuia jua. Akatazama juu, akanitazama mimi. "Jua lipi?"

Kisha akamwona mjukuu wake.

"Mume wangu!" akapaza sauti. "Miezi yote hiyo hunitupii hata jicho, leo unaniletea wake wenza basi zima! Na sukari yangu iko wapi?"

Watoto wa hapa kwetu walicheka mpaka wakakaa chini. Watoto wa mhandisi wakamtazama mwenzao kwa heshima mpya. Mratibu hakucheka. Alitoa kidaftari akaandika kitu, akakipigia mstari. Wiki iliyofuata nikapokea barua yenye adabu nyingi, chini ya sera ya ulinzi wa mtoto, ikiniomba nitoe ufafanuzi kwa maandishi. Nimekaa na fomu ile dukani, wateja wananisubiri. Utani wa bibi na mjukuu utauelezaje kwenye karatasi yenye visanduku vya ndiyo na hapana? Je, mtoto amewahi kuitwa hivyo kabla? Ndiyo, tangu siku ya kwanza alipofunuliwa uso. Je, familia inafahamu jambo hili? Nikaandika: ukoo mzima. Je, mhusika anatarajia chochote kutoka kwa mtoto? Nikaandika: sukari.

Kazi ya huduma ilianza kwa mahojiano. Wakamkalisha mama kwenye kigoda chake mwenyewe, wakamzunguka na karatasi za kutathmini mahitaji. Kijana wangu akateuliwa mkalimani, na mratibu akatangaza rasmi kwamba kwa shughuli hiyo tu amepewa kibali cha kuongea Kiswahili. Swali la kwanza: changamoto kubwa ya jamii yako ni ipi? Mama hakuhitaji kufikiri. Akanyoosha kidole mahali nilipokuwa nimesimama nikiegemea mwembe. "Huyo. Aliniahidi dawa ya kuogeshea ng'ombe tangu masika. Masika yamekwisha, kupe wamebaki."

Kijana akatafsiri neno kwa neno, kwa umakini ambao sijauona kwenye kazi yoyote ya nyumbani. Ikaandikwa. Ripoti ilipopandishwa kwenye kundi la wazazi, ikiwa na mchoro wa rangi, changamoto namba moja ya jamii ya Butiama ni mimi. Mzazi wa Bunda aliweka vikaragosi vya kucheka mstari mzima. Dawa yenyewe niliituma kwa kondakta, na kondakta ndiye anayejua ng'ombe wa nani hawana kupe leo.

Baada ya hapo ilifuata ratiba. Ya shule ilisema maji, halafu rangi. Ya mama ilisema palizi. Wakaanza na maji. Ndoo ya lita 20 ilitoka kisimani imebebwa na watoto wanne, kila mmoja anatoa maelekezo, ikafika nyumbani na lita zake chache. Nyingine zilikuja ndani ya viatu. Njiani walipishana na msichana wa jirani, darasa la tatu kama sikosei, ndoo yake kichwani haitikisiki, mkono mmoja umeishika, mwingine unakula embe. Mratibu akampiga picha. Nimeiona kwenye jarida la shule. Chini yake wameandika: mnufaika wa mradi.

Rangi hakuna aliyeiomba. Ilikuja ndani ya basi, makopo saba, na ikabidi ipakwe mahali. Wakachagua ukuta wa jiko la mama, wakachora viganja vya mikono vya rangi zote vimeshikana kuizunguka dunia. Mwenyekiti wa kitongoji aliusifu mchoro kwa hotuba. Kuku wa mama walikuwa wakitagia pembeni mwa ukuta huo. Yupo tetea mmoja mpaka leo anauzungukia mbali.

Palizi ndiyo sikuitegemea. Mama alipoona rangi imekwisha alitoa majembe, ya kwake mawili na mengine ya kuazima kwa majirani, akatangulia kwenye mihogo. Hakutoa maelezo ya mradi. Aliinama, akapalilia hatua kadhaa, akageuka akasema, "Haya." Kwake hakukuwa na jambo la kushangaza. Yeye alikuwa mama kijana mwaka 1967 jirani yake wa Butiama alipotoa Elimu ya Kujitegemea, na katika waraka ule shule ilitakiwa iwe na shamba lake, wanafunzi wasome na wazalishe, wasije wakatoka mle wakijiona wageni kwa wazazi wao. Mimi mwenyewe nilisoma kwenye mabaki ya siasa hiyo. Jumatatu fagio, Jumatano jembe, Ijumaa kinyesi cha ng'ombe cha kusiribia sakafu ya darasa, na katikati ya hapo ndoo ya maji kwa mwalimu wa zamu. Tulikuwa jamii na wahudumu wa jamii kwa wakati mmoja, na hakuna aliyetupiga picha. Mahindi ya shamba la shule sijui waliyala kina nani, ila hilo ni la safu nyingine.

Basi wakalima. Nasema ukweli, walilima. Binti wa mhandisi alikuwa na mkono mzuri kuliko wote, anang'oa ndago na mzizi wake, mama akaanza kumuulizia umri. Kijana wangu, ambaye nyumbani akiinama kuokota kijiko analalamikia kiuno, alimaliza tuta zima kwa sababu wenzake walikuwa wakimtazama. Mratibu akaangalia saa mara tatu akakata tamaa, akavua viatu vyake vyeupe na yeye akaingia.

Kisha likaja suala la chakula. Mama alikuwa ameandaa ugali wa muhogo, dagaa, mlenda, na jogoo mmoja aliyeaga dunia kwa heshima ya ujumbe. Watoto walikuwa na chipsi na kuku ndani ya vifungashio kutoka mjini, kwa sababu kanuni ya afya inakataza chakula ambacho hakijakaguliwa. Mama akauliza nani wa kukikagua, yeye amekipika na anakila miaka themanini. Mratibu akaomba radhi. Mama akakaa kimya, na mtu aliyezaliwa na mama wa Kizanaki anaujua ukimya huo una urefu gani. Ikabidi mimi nikae mbele ya sinia nile kwa niaba ya jumuiya ya kimataifa. Nilikula zamu yangu, nikala ya Wakenya, nikala ya Waganda. Nilipofika kwa Wazungu nikafungua mkanda. Wakati huohuo nyuma ya nyumba vijana walikuwa wamekwishawapa watoto wa jirani chipsi zote na kuchukua mihogo ya kuchoma, inayokaguliwa kwa kuipulizia majivu.

Jumatatu kila mtoto akatakiwa kuandika tafakuri ya maneno 300. Ya kwetu ilipata alama za juu, ikasomwa mbele ya wenzake. Aliandika kwamba amejifunza kuwa watu wasio na vitu vingi wanaweza kuwa na furaha. Nilimwita dukani. Nikamwambia, bibi yako ana ng'ombe, ana shamba lake, ana nyumba ya bati, hadaiwi na mtu. Mimi ndiye sina vitu vingi, furaha sina, na hakuna aliyekuja kunipakia rangi. Akasema hoja hiyo ni nzuri, ila maneno 300 yalikuwa yameshaisha.

Mama naye ametoa tathmini yake, kwa simu, saa kumi na moja alfajiri, muda ambao anaamini mtandao ni wa bei nafuu. Rangi hataki tena. Watoto anawataka, kwa palizi ya pili, na wakitokea mwezi wa kuvuna mihogo atawapokea hata wakiwa na pua nyeupe. Masharti: wafike kabla jua halijapanda, kila mtu na jembe lake maana yale ya kuazima yamerudi na rangi, chakula watakula chake, na yule binti mwenye mkono mzuri asikose. Mama watoto akayaweka kwa Kiingereza kizuri, tukamtumia mratibu.

Nilidhani nimewaweza. Mratibu alifurahi. Akajibu kwamba hii ndiyo sauti ya jamii waliyokuwa wakiisubiri. Na juzi orodha ya mahitaji ya muhula ujao imetoka: kalamu za rangi, karatasi bunda mbili, na jembe moja, lenye jina la mwanafunzi kwenye mpini, mpini uwe na rangi ya nyumba yake ya michezo, na makali yafunikwe kwa kitambaa laini wakati wa safari. Shughuli yenyewe imepewa mstari wake kwenye ankara.

Jana nikapita kwa muuza vifaa karibu na stendi kuulizia bei ya jembe. Akanitazama juu mpaka chini.

"La kulimia," akaniuliza, "au la shule?"

Ana bei mbili.